Kabati la Eksirei katika Maduka ya Viatu vya Watoto

Kwa takriban miaka 30 tangu miaka ya 1920, mzazi wa Marekani au Uingereza aliyempeleka mtoto kununuliwa viatu huenda alikuta dukani kabati la mbao lenye uwazi chini, ambamo mtoto aliingiza miguu akiwa amevaa viatu vipya, na juu yake matundu matatu ya kuchungulia: la mtoto, la mzazi na la muuzaji. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kutoa eksirei, yaani mionzi inayopenya ngozi na nyama lakini ikazuiwa na mfupa, ambayo ikishapita mguuni iliangukia kioo chenye dawa ya kung'aa, na vivuli vya mifupa vikaonekana ndani ya umbo la kiatu. Mmoja wa wavumbuzi wake, daktari Jacob Lowe wa Boston, aliwahi kuitumia njia hiyo kuchunguza miguu ya askari waliojeruhiwa bila kuwavua buti, kisha amani iliporudi akaipeleka kwa wauza viatu, akaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1919 na kuipata mwaka 1927.

Kuenea kwake hakushangazi, kwa kuwa mtoto mdogo hajui kueleza kiatu kinambana wapi, na mzazi anayeogopa gharama ya kununua tena baada ya miezi michache alifarijika kuona ushahidi kwa macho yake. Hata hivyo, ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu. Nyama, ambayo ndiyo hubanwa kwanza, haikuonekana vizuri, na sehemu kubwa ya mguu wa mtoto ni gegedu, yaani tishu laini ambayo bado haijawa mfupa na ambayo eksirei huipita bila kuacha kivuli cha maana, hivyo kadiri mteja alivyokuwa mdogo ndivyo mashine ilivyomwona kwa uchache. Ni vigumu kukwepa hukumu kwamba kabati hilo lilikuwa chombo cha kuvutia wateja kuliko cha kupimia.

Watoto walilipenda, wakarudia kuchungulia mifupa yao, na wauzaji walisimama kando yake kutwa nzima, ilhali mionzi mingi huunguza ngozi na kuweza kuleta saratani. Mwaka 1946 viwango vya usalama vya Marekani vilimwekea mtoto kikomo cha kupigwa mionzi hiyo mara 12 kwa mwaka, sharti ambalo duka moja lisingeweza kulisimamia, kwani halikujua mtoto amepitia maduka mangapi. Jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku makabati hayo mwaka 1957, na majimbo mengine yakafuata.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1920 kabati lilipoanza kuenea, mjini Syracuse, Marekani, Charles Brannock, mtoto wa mwenye duka la viatu, alibuni kipimo cha chuma kisicho na mionzi wala umeme, ambacho hupima upana wa mguu, urefu kutoka kisigino hadi ncha ya kidole, na pia kutoka kisigino hadi kiungo cha kidole gumba, mahali ambapo kiatu hupaswa kukunjika. Mtoto hupimwa akiwa amesimama, maana mguu hutanuka ukibeba uzito, na kipimo hicho bado kinatengenezwa.