Gari Likipona, Dereva Je?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya imani moja iliyoota mizizi katika nchi yetu. Ni imani kwamba magari ya zamani yalikuwa ngome, na haya ya siku hizi ni makopo ya maziwa. Nimeikuta Kilosa kwa mafundi wa gereji, nimeikuta Mikumi kwa madereva wa malori wanaposhuka kula, na nimeikuta Dar es Salaam kwa watu wenye shahada zao. Fundi mmoja mzee wa Kilosa aliniambia kwamba gari la kweli ni lile linalogonga mti, mti ukaanguka, nalo likaondoka. Waliokuwapo walicheka wakaafiki. Mimi nilimwuliza: na dereva je?

Tusiwacheke wazee hawa. Walichokiona walikiona. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika nchi zetu tatu, na mwaka 1972 yalianzia hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z, gari la spoti, fupi na la chini. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyo hiyo. Yalipita kwenye matope, mawe na mashimo, yakarudi. Mtu aliyeyaona akipita na vumbi lake angeaminije kwamba yana udhaifu?

Lakini hapa ndipo tunapochanganya mambo mawili. Kuvumilia njia mbovu si kuvumilia ajali. Springi ngumu na injini isiyochoka hukufikisha uendako. Hazikusaidii kitu siku utakapokutana uso kwa uso na lori. Tena yale magari ya mashindano yalifungwa nondo za chuma ndani ya bodi, na madereva wao walijifunga mikanda mabegani na kiunoni. Gari la aina hiyo lililouzwa dukani halikuwa na nondo hizo.

Tazameni historia. Tarehe 30 Septemba 1955, mcheza sinema wa Marekani, James Dean, alikuwa katika Porsche 550, gari la bati jepesi la alumini, likagongana na gari la kawaida aina ya Ford. Dean alikufa. Dereva wa Ford alitoka na majeraha madogo. Tarehe 4 Januari 1960, mwandishi Albert Camus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1957, alikufa papo hapo Ufaransa baada ya gari la fahari aina ya Facel Vega kugonga mti. Gari la kwanza lilikuwa jepesi na la pili zito, na yote mawili hayakuwaokoa wawili hao.

Kwa nini? Kwa sababu nguvu ya mgongano lazima iende mahali. Gari likigoma kukunjika, nguvu ile humwendea aliyekaa ndani. Usukani wa zamani ulishikwa na mhimili mmoja wa chuma ulionyooka kama mkuki kuelekea kifuani. Mhandisi Béla Barényi wa kampuni ya Mercedes ndiye aliyeona, mapema miaka ya 1950, kwamba pua na mkia wa gari vinapaswa kukunjika ili chumba cha abiria kibaki kizima. Wazo lake liliingia katika magari ya kampuni hiyo mwaka 1959. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda unaopita begani na kiunoni, na kampuni yake ikaruhusu wengine wautumie. Kwa hiyo bati linalokunjika, ambalo sisi tunalidharau, limewekwa hivyo makusudi.

Mwaka 2009 taasisi moja ya usalama barabarani ya Marekani iliyagonganisha magari mawili ya Chevrolet, moja la mwaka 1959 na jingine jipya, kila moja likienda kilometa 64 kwa saa. La zamani lilikuwa zito na la kutisha kwa macho, lakini chumba chake cha dereva kilibomoka. Wapimaji walisema kwamba angekuwamo mtu angekufa. Wa gari jipya angeumia mguu.

Sasa turudi kwetu. Barabara kuu ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilometa 50 hivi. Ndani yake mchana mwisho ni kilometa 70 kwa saa, na usiku ni 50. Wapo wanaodhani sheria hiyo ni ya kuwahurumia wanyama tu. Fikirini gari la spoti la chini likimgonga twiga. Pua yake humkata miguu tu, halafu mwili mzima, mamia ya kilo, huanguka juu ya kioo na paa lenye nguzo nyembamba. Na anayepandisha mwendo kutoka 70 hadi 100 huzidisha nguvu ya mgongano kiasi cha mara mbili.

Mkoa wa Morogoro unalijua somo hili kwa uchungu. Tarehe 12 Aprili 1984, katika barabara ile nyingine ya Dodoma, pale Dakawa, taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Alikuwa katika Mercedes, gari ambalo kila mtu alilisifu kwa uimara.

Simwambii mwenye gari la zamani aliuze. Ni urithi, na ni raha kulitazama likipita. Ninachosema ni kwamba aliendeshe akijua lilivyo. Afunge mikanda, na fundi aishikize kwenye chuma cha chesisi, si kwenye bati. Apunguze mwendo, na usiku wa Mikumi alale Mikumi. Nasi tulio katika magari mapya tusijione salama tukiwa tumeuachia mkanda unaning'inia mlangoni. Gari lililokunjika hupelekwa kwa fundi. Dereva hana spea.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.