Mvuto wa tabasamu
Mvuto wa tabasamu ni uzuri ambao watazamaji huuona katika meno, ufizi na midomo ya mtu anapotabasamu. Huchunguzwa katika tiba ya meno kwa kuwaonyesha watu picha ileile iliyobadilishwa kidogo kidogo kwa kompyuta, kisha kulinganisha hukumu zao.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Vincent Kokich na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999. Ulihusisha mabingwa wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio na taaluma hiyo. Mstari wa kati wa meno ya juu uliposogea kando milimita 4, mabingwa pekee ndio waliotambua. Ufizi uliojitokeza chini ya mdomo wa juu waliuona kuwa kasoro kuanzia milimita 2. Makundi mengine mawili, kuanzia milimita 4.

Macho yao yalikubaliana katika jambo moja: jino la mbele lililoinama kwa milimita 2 lilitambuliwa na makundi yote matatu.

Utamaduni nao huamua. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu mara nyingi huzibwa katika tiba ya meno kwa ombi la mgonjwa, lakini Afrika Mashariki na Nigeria wengi huuhesabu kuwa urembo. Kwa hiyo matakwa ya mgonjwa husikilizwa kabla ya matibabu ya urembo wa meno kupangwa.