Neno la Wiki: Kuhalalisha

Sokoni Mukuyuni, kule Makueni, taja kuhalalisha bangi na mjadala hufungwa kabla ya kuanza. Kisa ni halali iliyomo ndani ya neno: msikilizaji anasikia baraka, kama ndoa ya halali. Mzazi ambaye mwanawe ametekwa na uraibu ataibarikije?

Lakini marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipoanza kuandaa mswada wake 2018, hakuomba baraka. Alitaka watumiaji wasifungwe, na wakulima wasajiliwe na kutozwa ushuru. Hayo ni kuondoa adhabu na kudhibiti. George Wajackoyah alipoifanya bangi ajenda ya kampeni ya urais 2022, magazeti yetu yaliyarundika yote katika kuhalalisha. Uvivu huo unatugharimu. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994, iliyorekebishwa 2022, bado inaweza kumfunga kijana hadi miaka mitano kwa kupatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe. Tunalijadilije hilo kwa neno moja lililovimba?

Mwanasiasa akija kuomba kura, mwulize: unataka kuhalalisha, kuondoa kifungo, au kudhibiti? Asikujibu kwa mafumbo.