Mji wa Pande 28

Hata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikuacha kufundisha historia. Kila mwaka nilichora mraba ubaoni na kuwaambia wanachuo, "Huu ni mji." Kando yake nilichora umbo lililojaa kona, mithili ya kitambaa kilichotafunwa na panya. "Na huu ni mji uleule." Walicheka.

Mji wenyewe ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani. Sisi walimu tuna sababu ya kuukumbuka, kwani hapo ndipo Booker T. Washington alipoanza chuo cha walimu Weusi mwaka 1881. Kufikia miaka ya 1950, Weusi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa wakiongezeka. Mwaka 1957 watunga sheria wa Alabama wakaubadili mpaka wa mji, kutoka mraba hadi umbo la pande 28. Kati ya wapiga kura Weusi wapatao 400, walibaki ndani wanne au watano tu. Mzungu hata mmoja hakutolewa. Hakuna aliyehamishwa nyumba yake. Ni kalamu tu iliyopita.

Charles Gomillion, mwalimu wa chuo kile, alikwenda mahakamani. Alishindwa mara mbili, lakini Novemba 1960 majaji wote wa Mahakama Kuu ya Marekani walimpa haki ya kusikilizwa, na hatimaye sheria ile ikaanguka.

Kalamu huweza kudhulumu hata kwa kutochora. Mipaka ya uchaguzi ya Alabama haikuguswa tangu mwanzo wa karne ya 20, huku watu wakihamia mijini. Wilaya ya Lowndes, yenye watu 15,417, ilikuwa na seneta mmoja katika baraza la jimbo. Jefferson, yenye zaidi ya 600,000, nayo ilikuwa na mmoja. Mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu za uchaguzi wa mabaraza ya majimbo zilingane kwa idadi ya watu. Ugomvi haukuishia hapo. Mwaka 2023 Alabama ilishindwa tena mbele ya mahakama hiyo: Weusi, ambao ni zaidi ya robo ya watu wake, walikuwa wengi katika sehemu moja tu kati ya 7 za uchaguzi wa wabunge wa taifa. Uchaguzi wa 2024 ulifanyika kwa ramani iliyochorwa kwa amri ya mahakama.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka mmoja, wanachuo walipomaliza kucheka, binti mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, na mabweni yetu je?" Muhula ule nilikuwa nimelivunja bweni moja na kuwatawanya wakazi wake katika mabweni matatu, wiki chache kabla ya uchaguzi wa serikali ya wanachuo. Nilisema ni kwa ajili ya nidhamu. Kweli ni kwamba bweni lile lilikuwa ngome ya kijana aliyenisumbua kuhusu chakula, naye alikosa kiti kwa kura chache.

Kengele iliniokoa nisijibu. Mwaka uliofuata niliwaachia walimu wawili na wanachuo wanne kazi ya kugawa mabweni. Mimi nililetewa orodha tu. Lakini yule kijana alikuwa amekwisha kuhitimu.