Bwana Jela na Waraka Wake: Habari ya Hola

Katika kazi zote alizokabidhiwa mwanadamu juu ya mwanadamu mwenzake, ni chache zilizo nzito kama kushika ufunguo wa jela. Mwenye duka akipunja, mnunuzi atakwenda duka la pili. Mwalimu akizidi ukali, mzazi atamtoa mwanawe. Lakini mfungwa hana pa kwenda. Chakula chake, maji yake, dawa yake na usingizi wake vimo mkononi mwa mtu mwingine. Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia riziki. Ikiwa hesabu ya paka ni hiyo, ndugu msomaji, hesabu ya aliyefungia watu itakuwaje?

Kisa chetu ni cha John Cowan, Mwingereza, ofisa wa ngazi ya juu wa magereza nchini Kenya katika zama za vita vya Mau Mau. Jina lake halijulikani sana huku kwetu Dindira, wala Korogwe na Tanga. Ila jina la Hola wazee wengi wa pwani wamelisikia.

Serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, wakatiwa kizuizini pasina kesi. Hadi kufika 1957 wengi walikuwa wamekwisha kuachiliwa, wakabaki wale wasiokubali kukiri kiapo wala kuwafanyia kazi waliowafunga. Hao ndio waliopelekwa katika kambi za Mwea, ambako ofisa mmoja aitwaye Terence Gavaghan alipewa kazi ya kuwavunja ugumu wao, na Cowan akawa upande wa magereza. Njia yao ilikuwa hii: mahabusu waliletwa kidogo kidogo, wakaamrishwa kutii pale pale, na aliyekataa akashurutishwa kwa nguvu.

Sheria ilikataza mfungwa kupigwa ovyo. Basi wanasheria wa serikali, akiwamo Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones, wakatafuta mlango katika maneno. Wakasema kuna nguvu ya kuadhibu na kuna nguvu ya kulazimisha; ya kwanza imekatazwa, ya pili yaruhusiwa. Tazama hila hiyo! Aliye chini ya rungu hawezi kujua ni nguvu ipi kati ya hizo mbili inayomvunja mbavu.

Walipobaki wagumu wa mwisho, wakawekwa Hola, kando ya mto Tana, katika nchi ya Wapokomo na Waorma. Huko kulikuwa na mradi wa kumwagilia mashamba, na mahabusu wa kambi ya ndani walikataa kuchimba mifereji. Mapema mwaka 1959 Cowan akaandika mpango: watolewe kwa makundi madogo, wapelekwe kazini, na wasiotaka walazimishwe kwa mikono ya askari. Mpango ukapanda ngazi. Kamishna wa Magereza, Lewis, akaupeleka kwa Waziri Cusack, na katika maelezo yake akatia tahadhari kwamba huenda mtu akaumia, au hata akafa. Neno hilo liliandikwa na likasomwa, kisha mpango ukapata idhini.

Tarehe 3 Machi 1959 mkuu wa kambi, Sullivan, aliwatoa mahabusu zaidi ya themanini kwa siku moja, akawazungushia askari jela wenye marungu. Ilipofika jioni watu walikuwa wamelala wafu na wengine wengi wamejeruhiwa. Idadi ya waliokufa ilifika 11.

Kisha ikafuata dhambi ya pili. Tangazo la serikali lilisema watu kumi wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Lakini maiti haisemi uongo. Katika uchunguzi uliofanyika Mombasa, madaktari walionyesha alama za kipigo, naye hakimu Goudie akathibitisha kwamba vifo vilitokana na mapigo, na maji hayakuwa na hatia yoyote. Habari ikafika Bunge la London. Barbara Castle wa chama cha Labour aliisimamia kwa nguvu. Na usiku wa Julai 1959 Enoch Powell, aliyekuwa wa chama kile kile kilichotawala, alisimama akasema haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Mwingereza na kingine kwa Mwafrika.

Je, wahusika walipata nini? Sullivan alistaafishwa bila ya kunyimwa kiinua mgongo chake. Hapana hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji yale. Na Cowan, mwaka ule ule wa 1959, alitunukiwa nishani ya Malkia.

Hapa ndipo penye ubishi ulioendelea kwa miaka mingi. Wanaomtetea Cowan husema: yeye hakushika rungu siku ile. Mpango wake ulitaka makundi madogo, na Sullivan akatoa wote kwa pamoja. Basi lawama ni ya Sullivan. Neno hilo lina sehemu ya ukweli, nasi hatupendi kumdhulumu mtu hata akiwa alitutawala. Ni kweli kwamba Sullivan aliuvuruga mpango. Lakini makundi yangekuwa madogo au makubwa, mpango wenyewe ulisimama juu ya msingi mmoja: kwamba mtu aliyefungwa bila hukumu, asiye na silaha, aweza kulazimishwa kwa nguvu mpaka atii. Kikomo cha nguvu hiyo kilikuwa wapi? Aliyekataa mara ya kwanza angelazimishwa. Akikataa mara ya kumi je? Aliyeuandika alipaswa kujiuliza, na waliotia sahihi baada ya kuambiwa kwamba mtu aweza kufa walipaswa kujiuliza zaidi.

Sisi wa Korogwe na Handeni tunalijua jambo hili kwa njia ya mashamba ya mkonge. Manamba alimchukia nyapara, kwa kuwa nyapara ndiye aliyemwona kila asubuhi. Meneja aliyepanga hesabu ya matita alikuwa kivulini. Ndivyo ilivyo jela. Askari hulaumiwa, naye ana dhambi yake kamili. Ila kalamu iliyomtuma nayo ina yake.

Wanachuoni wetu waliliona hilo zamani. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu cha kodi na uongozi, na ndani yake akaingiza habari za wafungwa. Alishauri wapewe posho ya fedha mikononi mwao badala ya mkate, kwa kuwa mkate utaliwa na walinzi njiani. Wapewe nguo za baridi na za joto. Na wasitolewe na minyororo kwenda kuombaomba. Angalia hekima yake: hakutegemea wema wa mlinzi. Aliweka utaratibu unaomzuia mlinzi mbaya. Cowan aliweka utaratibu uliomfungulia mlango.

Haki ilichelewa Hola, ila haikufa. Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika siku ile baada ya kupigwa hadi kuzimia, alikuwa miongoni mwa wazee walioishitaki serikali ya Uingereza mjini London. Tarehe 6 Juni 2013, miaka 54 baadaye, serikali hiyo ilieleza majuto yake Bungeni na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9. Nyaraka zilizofichwa miaka mingi ndizo zilizosaidia kuwasemea waliokufa.

Wakoloni wamekwenda zao, na funguo za jela leo zimo mikononi mwa watoto wetu. Basi mwenye kijana aliye askari jela, mkuu wa kituo au karani wa ofisi, na amuusie hivi: kabla hujaandika amri, ifuate kwa moyo wako mpaka imfikie mtu wa mwisho, yule aliyekaa chini asiye na pa kukimbilia. Ukiona haya kuisoma mbele yake, ichane. Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliodhulumiwa, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.