Nani Alisema Titi ni Anasa?

Novemba 1861 mpelelezi wa Uingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, na miongoni mwa aliyoyaandika ni vipimo vya shemeji wa mfalme huyo, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa: mkono inchi 23, kifua inchi 52. Maandishi ya mwanzo kuhusu mwili wa mwanamke wa Karagwe yalijali umbo lake; tiba yake haimo. Upasuaji wa kurekebisha maumbile nao, ulipoingia Afrika Mashariki, ulikuwa umekulia kwenye vita vya wanaume. Archibald McIndoe aliwatengeneza upya nyuso marubani wa Uingereza walioungua, na mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Thomas Rees, wote wapasuaji wa fani hiyo, wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni AMREF. Hakuna aliyemwambia rubani kwamba maadamu anapumua, pua ni urembo. Mwanamke aliyekatwa titi huambiwa hivyo mpaka leo, na kwa maoni yangu hayo ni mazoea tu yaliyovishwa joho la udaktari. Mwaka 1906 mpasuaji Iginio Tansini wa Italia alikwisha kueleza njia ya kukitengeneza upya kifua kilichokatwa titi: msuli mpana wa mgongoni hukatwa pamoja na ngozi yake, ukaachwa umeshikana na mishipa yake ya damu, kisha ukapitishwa kwapani hadi kifuani. Mpasuaji William Halsted wa Marekani, ambaye neno lake lilisikilizwa zaidi, alipinga upasuaji wa aina hiyo akihofia yataficha saratani inayorudi, na njia ya Tansini ikasahauliwa hadi miaka ya 1970.

Watakuwapo wa kusema wilaya za Karagwe na Kyerwa zina shida kubwa kuliko ya kujengewa titi upya: mgonjwa hupewa rufaa kutoka hospitali ya Nyakahanga au Isingiro hadi ya Bugando, Mwanza, na wengi hufika uvimbe umekwisha kusambaa. Kweli, uhai hutangulia. Lakini kutambuliwa kwa jeni za BRCA1 na BRCA2, mwaka 1994 na 1995, ambazo hitilafu zake huongeza sana hatari ya saratani ya matiti, kumebadili swali. Hitilafu hizo zimekutwa hata kwa wagonjwa wa Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera, kwa hiyo tusiseme ni maradhi ya Wazungu. Aliyezirithi anaweza kushauriwa atolewe matiti yote mawili angali mzima. Atakubalije bila kujua atabaki na nini kifuani? Na kuhusu gharama, njia ya Tansini, hasa kwa titi dogo, inaweza kufanyika bila titi la silikoni la kuagizwa nje; inachodai ni bingwa mwenye mkono mzuri. Kama mama na dada zako wameugua saratani ya matiti, uliza habari ya kujengewa titi upya kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji.