Wanawake wa Southall waliokataa kunyamazishwa

Mei 27, 1989, wanawake wapatao 40 walisimama na mabango yao Parliament Square, London. Upande mmoja waandamanaji Waislamu walidai kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses, kipigwe marufuku. Upande wa pili walikuwapo wafuasi wa National Front, chama kilichotaka wahamiaji wafukuzwe. Wanawake hao walizipinga pande zote mbili, na kote walitukanwa.

Baadhi yao walitoka Southall Black Sisters, kikundi kilichoundwa mwaka 1979 magharibi mwa London. Waasisi, Waasia na wenye asili ya Karibea, walijiita weusi kwa pamoja kwa kuwa ubaguzi uliwakumba wote. Pragna Patel, aliyekiongoza kwa miaka mingi, alizaliwa Kenya.

Katika mambo ya wahamiaji, serikali ya Uingereza ilizoea kusikiliza “viongozi wa jamii”, karibu wote wanaume. Mke akipigwa, mamlaka zilisita: hayo ni mambo ya mila zao. Heshima ya namna hiyo ilikuwa dhuluma. Kiranjit Ahluwalia alivumilia kipigo kwa miaka 10. Usiku mmoja wa mwaka 1989 alimmwagia petroli mumewe aliyekuwa amelala, akamwasha moto. Mume akafa, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Akina dada wa Southall walimpigania hadi hukumu ya mauaji ilipotenguliwa. Septemba 1992 akawa huru.

Julai 7, 2005, mabomu ya magaidi yakaua watu 52 London. Hofu ikageuza lugha ya serikali: sasa wimbo ulikuwa mshikamano wa kitaifa, na Waingereza wenye asili ya kigeni wakatakiwa kuthibitisha uzalendo wao. Wakati huohuo fedha za kupambana na itikadi kali zilipitia mashirika ya dini, na mwanamke aliyetaka kusikilizwa kama raia tu akakosa mlango wa kuingilia.

Halmashauri ya Ealing, wilaya ilimo Southall, ikaamua kuikatia Southall Black Sisters ruzuku, ikidai kuwahudumia wanawake weusi na Waasia pekee kunavunja mshikamano. Wanawake wakaenda Mahakama Kuu. Julai 2008, kesi ikiendelea, halmashauri ilisalimu amri. Jaji Moses aliandika kwamba huduma maalumu kwa wachache haipingani na usawa wala mshikamano. Ruzuku ikabaki, na jina la kikundi halikubadilishwa.